Mpaka wa mji ukifika shambani kwako: la kufanya Lubumbashi

Ukiishi pale komini Annexe inapopakana na teritwari ya Kipushi, tenganisha kwanza kesi mbili ambazo watu huzichanganya na kupoteza zote: mpaka wa utawala, na haki yako juu ya parsele. Mpaka ukisogezwa, anayebadilika ni mwenye kutoza kodi na kusaini karatasi. Sertifika yako ya uandikishaji, yaani hati ya haki yako juu ya parsele, haifutiki kwa hilo.

Asiye na sertifika ndiye mwenye hatari. Kifungu cha 60 cha sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973 kinasema ardhi iliyo ndani ya mipaka ya mji huhesabiwa ardhi ya mjini. Kabla ya hapo ilikuwa ardhi ya vijijini, na kifungu cha 193 kinadai uchunguzi ufanyike kwanza, ijulikane nani anaishi au analima pale, kabla haijapewa mtu mwingine. Mkulima aliyetegemea neno la shefu wa kimila anapoteza ngao hiyo kimyakimya. Kwa hiyo usingoje mabango ya wauza viwanja. Nenda kadasta (ofisi ya upimaji wa ardhi) mapema, omba parsele ipimwe, uanze faili lako.

Kisha tafuta andiko lenyewe. Bango la barabarani si ushahidi, wala neno la burgumestri si ushahidi. Mpaka huwekwa na andiko lenye namba, tarehe na saini. Soma maelezo ya mstari, halafu utembee nao pamoja na wazee, andiko mkononi. Penye "kufuata kijito hadi daraja" hapo ndipo ugomvi hujificha: kijito kina majina mawili, daraja limejengwa mahali pengine. Andika majina yote, ya zamani na ya sasa, na nani aliyeyataja. Simu inatosha kuonyesha umesimama wapi, lakini hukosea mita kadhaa, kwa hiyo usiitumie kubishana juu ya ukuta wa jirani.

Saini ya andiko inaonyesha mahakama ya kwenda kulipinga. Dekre (amri) ya Waziri Mkuu au arete (amri) ya waziri hupingwa Conseil d'État, mahakama ya juu ya utawala, Kinshasa. Arete ya gavana, Cour administrative d'appel (mahakama ya rufaa ya utawala). Uamuzi wa komini au teritwari, tribinali ya utawala. Uliza kwanza kwenye grefe (ofisi ya karani wa mahakama) ni mahakama gani inayopokea faili hizo Lubumbashi kwa sasa. Anayemshitaki shefu wa kartie kwa sababu ya dekre atarudishwa mlangoni, na siku zake zinapita.

Siku hizo ni chache, hesabu tangu andiko lilipotangazwa au kukufikia. Kabla ya mahakama, mwandikie kwanza aliyesaini, ukimwomba alifute au alirekebishe. Peleka nakala mbili, yako ipigwe stempu na tarehe ya kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hayahesabiwi, na bila stempu hiyo faili linaweza kukataliwa hata kama haki ni yako.

Kesi ya parsele huenda kwingine. Ugomvi wa ardhi ya kimila husikilizwa na tribinali ya amani; penye sertifika, nenda tribinali kuu. Mtu akipata sertifika juu ya shamba lako kwa udanganyifu au kwa kosa, una miaka miwili ya kuishambulia. Ikipita, utabaki kudai fidia ya pesa tu. Ndiyo maana inafaa kupita kwa konservateri (mtunza vitabu vya hati za ardhi) mara kwa mara, hata wakati hakuna ugomvi, kuuliza kama kuna jina jipya juu ya namba ya parsele yako.