Jinsi ya Kuipima DAC na Amplifaya Ndogo ya Hedifoni Kabla ya Kuilipia

Kifaa kidogo cha mezani kinachokusanya DAC (kigeuzi cha tarakimu kuwa sauti ya umeme) na amplifaya ya hedifoni katika kasha moja kina kazi mbili tu: kupokea tarakimu kutoka kwa kompyuta au simu na kuzigeuza kuwa mawimbi ya umeme, kisha kuyapa mawimbi hayo nguvu ya kusukuma hedifoni. Kazi ya kwanza siku hizi hufanywa vizuri hata na vifaa vya bei nafuu. Kazi ya pili ndiyo inayotenganisha kifaa kinachokufaa na kisichokufaa, na jawabu lake hutegemea hedifoni ulizo nazo kuliko sifa zilizochapishwa kwenye boksi. Kwa hiyo anayeingia duka la Barabara ya Digo hapa Mombasa, au anayenunua kilichotumika kutoka kwa mtu wa Tudor au Nyali, na aende na hedifoni zake mwenyewe, waya wake wa USB na ile mita ya mkononi ambayo mafundi hupimia umeme.

Kabla ya kusikiliza chochote, piga hesabu. Kila hedifoni ina namba mbili zinazohusika: ukinzani wake, unaoandikwa kwa ohm, na kiasi cha sauti inachotoa ikipewa miliwati 1, kinachoandikwa kwa desibeli. Chukua Beyerdynamic DT 770 Pro za ohm 250, ambazo hutoa desibeli 96 kwa miliwati 1. Tukitaka vilele vya muziki, yaani pale ngoma inapopigwa kwa ghafla, vifike desibeli 110, tunahitaji desibeli 14 zaidi, na hizo ni sawa na kuzidisha nguvu mara 25. Miliwati 25 ndani ya ohm 250 zinadai volti 2.5. Simu nyingi na vile viunganishi vyake vidogo hutoa takriban volti 1, ambayo itafikisha vilele desibeli 102 tu. Hapo ndipo amplifaya ya mezani inapohalalisha bei yake. Hedifoni za ohm 32 zinazotoa desibeli zilezile 96 kwa miliwati 1 zingetosheka na volti 0.9, ila zingevuta mkondo wa karibu miliampea 28, ilhali zile za ohm 250 huvuta miliampea 10 tu. Ndiyo maana boksi linalojigamba kwa wati 2 kwenye ohm 16 bila kutaja uwezo wake kwenye ohm 300 halijakwambia lolote kuhusu hedifoni za ohm nyingi. Desibeli 110 hapa ni vilele vya kupita tu. Kwa usikilizaji wa kawaida, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Tazama pia kifaa kinapata wapi umeme wake. Tundu la USB 2.0 hutoa volti 5 na miliampea 500 kwa kanuni, yaani wati 2.5 kwa jumla, na humo DAC nayo imo. Kifaa kisicho na betri wala adapta, kinachodai kutoa wati 2 kwa kila upande kutoka kwenye tundu hilo, kinadai zaidi ya kile kinachopokea. Chenye adapta nacho kigeuze usome maandishi ya nyuma: umeme wetu ni volti 240 na mzunguko wa 50 Hz, na vifaa vyenye transfoma ya volti 120 kutoka Marekani au volti 100 kutoka Japani bado huletwa na watu wanaorudi safari. Ukikichomeka ukutani moja kwa moja, hutahitaji kusoma sehemu iliyobaki ya mwongozo huu.

Jambo linalofuata ndilo wauzaji wengi hawaliulizwi, nalo ni ukinzani wa amplifaya yenyewe kwenye tundu la kutokea. Kanuni inayokubalika ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa hedifoni za ohm 32, basi, usizidi ohm 4. Ukizidi, hedifoni ambazo ukinzani wake hupanda na kushuka kulingana na wimbi zitabadilika sauti: besi huvimba au sauti za juu hufifia, na msikilizaji husifu au kulaumu DAC isiyo na hatia. Vile vya kuziba sikio vyenye spika kadhaa ndani ndivyo vinavyoathirika zaidi.

Kuupima ukinzani huo hakuhitaji maabara. Tafuta jeki ya hedifoni iliyoharibika, ikate, uache wazi waya wa ncha na waya wa shina, ukihakikisha kwamba nyaya hizo hazigusani hata mara moja kifaa kikiwa kimewashwa. Cheza wimbi la 100 Hz, ambalo programu nyingi za bure za simu na kompyuta hulitoa, kisha weka mita kwenye volti za AC na upandishe sauti hadi isome 0.500. Bila kugusa kitu kingine, unganisha rezista ya ohm 33, ambayo fundi wa redio yeyote atakupa kwa shilingi chache, kati ya nyaya hizo mbili na usome tena. Gawanya somo la kwanza kwa la pili, toa 1, zidisha kwa 33. Mita ikishuka hadi 0.384, jawabu ni karibu ohm 10, na kifaa hicho hakifai hedifoni za ohm chache hata kikiwa na kasha la dhahabu. Ikishuka hadi 0.485 tu, jawabu ni ohm 1 hivi, na huna neno nacho. Nimechagua 100 Hz kwa makusudi, kwa sababu mita za bei rahisi husoma vizuri karibu na wimbi la umeme wa nyumbani na huanza kudanganya kadiri wimbi linavyopanda.

Mita ikiwa bado mkononi, simamisha muziki, ihamishie kwenye milivolti za DC na upime tundu lilelile. Milivolti chache si kitu. Zikizidi 20, au zikiwa zinatangatanga, kuna sehemu ndani inayochoka, na umeme huo hupita kwenye koili za hedifoni wakati wote. Kwenye kifaa kilichotumika hiki ni kipimo cha lazima.

Sasa vaa hedifoni. Zima pangaboi kwanza. Kelele ya chinichini ya amplifaya, ile sauti nyembamba ya "ssss" isiyokoma, hufichwa kabisa na upepo wa feni na milio ya tuktuk barabarani, na mtu huigundua usiku wa manane akiwa amekwisha kulipa. Funga dirisha, simamisha muziki, weka sauti pale unaposikilizia kwa kawaida, usikie. Kama kifaa kina swichi ya kuchagua nguvu ndogo au kubwa, anza na ndogo. Wengi huweka kubwa wakidhani wananunua ubora, kumbe wanakuza kelele pamoja na wimbo.

Mvumo wa chini wa 50 Hz ni habari nyingine, na mara nyingi kosa si la kifaa. Chomoa chaja ya kompyuta uiache itumie betri: mvumo ukikoma, tatizo ni njia ya umeme kati ya chaja, skrini na amplifaya, na huenda likaondoka kwa kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Swichi ya ukutani ya kupunguza kasi ya feni, hasa ile ya kielektroniki, nayo huingiza mchakarizo kwenye nyaya za nyumba. Yapo mazoea ya kuvunja au kuruka pini ya athi (ya kupeleka umeme ardhini) ili kuua mvumo. Usiyafuate, maana pini hiyo ipo ili kasha la chuma lisikuue wewe.

Kitufe cha sauti kizungushe polepole kutoka chini kabisa. Kwenye vifaa vingi vya bei ya chini upande mmoja hutangulia mwingine, na muimbaji huanzia sikio la kushoto kabla hajaja katikati. Kasoro hiyo ikiisha kabla ya kufika kiwango unachosikilizia, isamehe. Isipoisha, rudisha kifaa, kwa kuwa hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoirekebisha vizuri.

Hadi hapa hatujalinganisha ladha ya sauti, na hapo ndipo watu wengi huanzia na kukwamia. Muuzaji atakwambia, "Sikiza besi yake hii, ndugu yangu," huku amepandisha kifaa kipya juu kidogo kuliko chako cha zamani. Sikio haliwezi kushindana na hila hiyo hata kama muuzaji hakuikusudia, kwa sababu tofauti ya desibeli moja haisikiki kama ongezeko la sauti bali kama uwazi, upana na uhai. Linganisha vifaa viwili kwa mita, vyote vikiwa na hedifoni zilezile, hadi tofauti yao isizidi desibeli 0.1, ambayo ni asilimia 1.2 ya volti: kimoja kikisoma 0.500, kingine kiwe kati ya 0.494 na 0.506. Kisha mwenzako abadilishe vifaa bila wewe kuona, nawe useme ni kipi. Kupata 9 au zaidi kati ya 10 kwa kubahatisha kuna uwezekano wa karibu asilimia 1. Ukipata 6, bakisha pesa zako.

Muziki wa kujaribia uwe ule unaoujua hadi pumzi za muimbaji. Taarabu ya Mombasa inafaa sana: udi una mguso mkali wa kuanzia, tabla ina besi inayoteleza, fidla na taishokoto hupigana katika sauti za juu, na amplifaya iliyoishiwa nguvu hupasuka hapohapo vyote vinapoingia pamoja. Lakini rekodi nyingi za zamani zimetolewa kwenye kaseti, na kaseti ina "ssss" yake; usizitumie kuhukumia kelele ya kifaa. Tafuta pia rekodi moja safi ya studio.

Kuhusu DAC yenyewe nina machache. Biti 16 na kilohezi 44.1 za CD hubeba masafa yote ambayo sikio la binadamu hufikia, yaani hadi karibu kilohezi 20, na tofauti ya takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa na kelele. Kifaa kikipokea biti 24 na kilohezi 192, kinatosha na kusaza. Kilohezi 768 ni pambo la boksi. Jina la chipu pia lisikusumbue. Kiwanda cha Asahi Kasei Microdevices, watengenezaji wa chipu za DAC, huko Nobeoka, Japani, kilipoungua Oktoba 2020, watengenezaji kadhaa walibadilisha chipu ndani ya bidhaa zao, na mpangilio wa sakiti inayoizunguka ukaendelea kuamua zaidi kuliko jina lenyewe. Muhimu ni kuhakikisha kompyuta yako inaitambua: Windows 10 imekuwa na programu yake ya vifaa vya sauti vya USB vya kiwango cha 2 (USB Audio Class 2) tangu 2017, ilhali matoleo ya zamani zaidi hudai programu ya mtengenezaji.

Mwisho ni hewa yetu. Chumvi ya baharini hula matundu ya jeki, na kifaa kilichokaa miaka miwili karibu na dirisha la Mji wa Kale huenda kikang'aa nje kikiwa na kutu ndani. Chomeka plagi na uizungushe taratibu muziki ukicheza. Mchakarizo au upande mmoja kupotea ni dalili tosha. Kisha kiache kikiwa kimewashwa saa nzima chumbani bila feni, na upime tena zile milivolti za DC. Zikiwa zimepanda sana kutokana na joto, mrudishie mwenyewe kifaa chake.