Fisire ya mu salo: ni kelele njo ilipasua ukuta ao ni nyumba yenyewe?

Bantu banachekaka nikianza kuongea roketi mu Lubumbashi, kumbe zilirukaka huku kwetu, Wajerumani wa OTRAG, kampani ya roketi, balirusha ya kwanza huku Shaba (njo Katanga ya leo) tarehe 17/5/1977, wakati ya Mobutu. Leo roketi hatuna, tuko na dinamite ya makariere, lakini bantu banauliza swali ileile: fisire ilitoka wapi?

Miye niko masoni, naeleza vile minaangaliaka.

Kwanza elewa kitu yenye inapiga nyumba. Kelele ya roketi haiko tu ile ya masikio, nguvu yake mingi iko chini kabisa, sawa bass ya mabafle ku ndoa yenye unasikiaka mu kifua, hewa inasukuma inavuta inasukuma, na kitu yenye iko pana na nyepesi njo inacheza nayo. Kwa hiyo anza na mavitre, plafo, matole na milango, ukuta ya matafari iache nyuma. Tarehe 9/11/1967, Saturn V, roketi kubwa ya Wamarekani ya kwenda ku mwezi, iliruka mara ya kwanza kule Florida, mwandishi wa habari Walter Cronkite alikuwa mbali karibu kilometa 5, plafo ya kajumba yake ikaanza kuanguka, na yeye alikuwa anashikilia vitre na mikono yake akiongea ku televizyo! Kajumba yenyewe ilibakia imesimama.

Basi zunguka nyumba. Gonga vitre na kidole: ikilia tak-tak, mastike imekufa, na vitre yenye inacheza njo inavunjikaka mbele. Panda uone misumari ya tole. Kama hapo juu byote biko bizuri na fisire inaanza chini, inapanda ngazi ngazi mu mastari ya sima, upande moya pana kuliko ingine, usisumbue roketi ya mutu, hiyo ni fondasio inashuka, udongo yetu ya mfinyanzi inakauka na kujikunja kila kiangazi. Dinamite iko tofauti, juu inatikisa na udongo pia, hapo ukuta unaweza pasuka na mavitre yakabakia.

Ukibakia na mashaka, fanya temwe, njo shahidi ya fisire: chukua platre kidogo, paka juu ya fisire, ivuke pande zote mbili, andika tarehe na kreyo pembeni. Ku mwisho ya fisire piga mustari pia. Kila siku yenye mlipuko unasikika, enda angalia, andika saa. Platre ikipasuka ile siku, uko na kitu ya kuonyesha. Usiende na desibeli (kipimo ya nguvu ya kelele) ya telefone, hata kama programu iko bure, maikro ya telefone inakatakata zile sauti za chini, itakuambia hakuna kitu wakati plafo inatetemeka.

Umbali unasaidia sana, ukienda mbali mara mbili kelele inashuka desibeli 6 hivi. Lakini asubui ya baridi ya mwezi wa sita, hewa ya chini iko baridi kuliko ya juu na kelele inarudishwa chini, kwa hiyo mlipuko uleule unaweza tikisa nyumba siku ya Lundi, na siku ya Mardi usisikie kitu. Bantu ba NASA, shirika ya Wamarekani ya anga, walijaribu mamoteri ya roketi wakahesabu malalamiko ya majirani: ku desibeli 120, karibu nyumba moya ku 100 ililalamika, ku 111 moya ku 1000. Wenyewe, kusudi kelele isirudi ku chombo na ku uwanja ya kurushia, banamwaga maji, ku Space Shuttle, chombo yao ya zamani, ilikuwa karibu lita milioni 1.1 mu segonde 41. Starship, roketi ya kampani SpaceX, ya 20/4/2023 haikuwa na hayo maji, beto ya chini ilivunjika vipande, mchanga ukaangukia mji wa Port Isabel kule Texas.

Kutengeneza: mastike mpya, misumari na rondele za mpira, plafo ifungwe ku mbao haiwekwe tu juu. Fisire usijaze sima kabla platre haijapita mvua yote, kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4, na siku yenye ilipasuka bila mlipuko wowote, ita mwenye kuchimba fondasio.