Kaskazini si kwa siling'i: vile nafundisha watoto kusoma ramani

Mwaka fulani niliuliza gredi ya nne swali rahisi tu, kaskazini ni wapi, na karibu darasa lote likanyoosha vidole kwa siling'i. Nikacheka, alafu nikageuka kuangalia ukuta nikaona kosa ni langu. Ramani ya Kenya ilikua imening'inia hapo tangu mwezi wa kwanza, Turkana juu, Kwale chini, sa mtoto afanye nini?

Kwa hivo kama unafundisha jiografia ya watoto wadogo hapa Nairobi, ama uko na wako nyumbani anasumbuka, kitu ya kwanza toa hiyo ramani ukutani. Na usianze na zile kaunti 47, hizo wataziimba tu baadaye, wanashika nyimbo kuliko wewe.

Anza na kikombe. Kiweke kwa dawati, kila mtu akichore vile anakiona akiwa amekaa, alafu wasimame wainame juu yake wachore tena. Ya pili inatoka duara tu na kasikio kametokeza kando, na lazima kuna mmoja atalalamika, "ticha hiki si kikombe." Hapo ndo ulikua unataka wafike. Mwambie ndege akipita juu ya shule anaona mabati, haoni mlango, na ramani ni kile ndege anaona. Siku hiyo usiongeze kitu ingine, wachore sufuria, ndoo, kiatu, meza, mpaka meza zao ziache kua na miguu.

Siku ingine tokeni nje na fimbo ya kama mita moja, hata ya ufagio. Isimamishe wima penye ghorofa haifiki na kivuli chake, na kwa shule zingine za huku hiyo peke yake ni kazi, sisi hupata jua kona moja tu karibu na tangi la maji. Saa sita weka jiwe pale ncha ya kivuli imeishia. Waende lanchi. Wakirudi saa saba weka jiwe la pili penye ncha imehamia, ambayo ni kama urefu wa rula hivi. Jiwe la kwanza ni magharibi, la pili ni mashariki, na mtoto akikanyaga la kwanza na mguu wa kushoto na la pili na wa kulia, huko anaangalia mbele ndo kaskazini. Inafanya kazi kwa sababu huku kwetu jua hufika juu kabisa kama saa sita unusu, katikati ya hayo mawe mawili, si saa sita kamili. Desemba kivuli cha mchana hulala upande wa kaskazini, Juni upande wa kusini, na mwezi wa tatu na wa tisa kuna siku kinakaribia kupotea kabisa, hiyo siku jiandae kwa kelele.

Lakini usijaribu Julai. Mimi nilijaribu, tukasimama na fimbo yetu chini ya mawingu saa nzima watoto wakitetemeka, na mzazi mmoja akaniuliza jioni nilikua nawaadhibu kwa nini.

Ukishapata kaskazini, sasa leta ramani uilaze chini hapo kwa mawe, Turkana ikiangalia mbele yao. Waulize Mlima Kenya uko wapi, wanyoshe mkono, si kwa karatasi, kwa hewa. Asubuhi ya mapema hewa ikiwa safi unaweza kuuona kutoka ghorofa za juu, na vilima vya Ngong vinaonekana upande ule mwingine, karibu na jua linakozama. Alafu waambie Ziwa Turkana, lile liko "juu" kwa ramani, liko kama mita 360 tu kutoka usawa wa bahari, na hapa Nairobi tuko zaidi ya 1,600. Wangu walikataa kabisa. Ndo nikawaonyesha mto Nile, unatoka Ziwa Victoria pale Jinja unaenda hadi Misri, na kwa ramani ya ukutani unaonekana ukipanda, na maji hayapandi mlima. Walinyamaza kidogo, alafu mmoja akasema basi hiyo karatasi inadanganya. Haidanganyi, iko tu imesimamishwa vibaya.

Baada ya hapo wachore njia ya kutoka nyumbani mpaka shule. Kibanda cha mama mboga kitakua kikubwa kuliko kanisa, matatu itakua na macho, usifute. Watume watembee wakihesabu hatua, kumi ziwe upana wa kidole kimoja kwa karatasi, na kibanda kitajipunguza chenyewe. Wanaokuja na basi wahesabu steji badala ya hatua, si sahihi sana lakini hutamtoa mtoto Embakasi atembee.

Mawe yangu sikuyatoa, nimeyapaka chokaa. Vyoo vyetu viko upande huo wa kaskazini, kwa hivo siku hizi mtu akibanwa ananyosha mkono anasema, "ticha, naomba niende kaskazini."