Kupika mayai ya kware, kanga na bata
Anayenunua mayai ya kanga au ya bata katika soko la Kilombero jijini Arusha asiyachemshe kwa kipimo cha yai la kuku. Yai la kware, lenye uzito wa gramu 10 hadi 12, huiva kabisa kwa dakika 4 hivi tangu maji yachemke, ilhali la bata, ambalo mara nyingi hufikia gramu 70, lipewe dakika 12. Na kwa kuwa mji huu upo takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, ni vyema kuongeza dakika moja au mbili. La bata lisiliwe kiini kikiwa bado majimaji, kwani bata hutaga hata penye tope, na bakteria wa salmonela huweza kupenya ganda. Ganda la kanga ni gumu mno, hivyo ligongwe kwa mgongo wa kisu juu ya bakuli la pembeni, si moja kwa moja kwenye kikaango, la sivyo utatafuna vipande vya ganda. Mayai ya mbuni wa porini usiyaguse kabisa: hayo ni nyara za Serikali.