Ninavyowafundisha madaktari wa ICU kulinda njia ya hewa

Madaktari wapya wakija kwangu ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, siku ya kwanza laringoskopu, kifaa cha kuangazia koo, naifungia kabatini. Wamekuja kujifunza kuingiza mpira wa kupumulia, mimi nawapa barakoa na ambubegi, mfuko wa kubonyeza kusukuma hewa. Anayeweza kumpumulisha mgonjwa kwa barakoa ana muda wa kufikiri pale mpira unapogoma kuingia.

Nawe anza hapo. Daktari mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili, gumba juu, vidole vingine vikivuta taya mbele; mwenzake abonyeze mfuko. Vidole vikae kwenye mfupa. Vikizama kwenye nyama laini chini ya kidevu, ulimi unarudi nyuma na njia inaziba. Mimi huwarekebisha kidole kimoja kimoja mpaka kifua cha sanamu ya mazoezi kiinuke.

Kisha mkao: kitanda kiinuliwe nyuzi 30 upande wa kichwa, oksijeni ipewe dakika 3 za saa, si za kukisia. Presha ikiwa chini ipandishwe kabla ya dawa za kumlaza. Kwa mgonjwa ambaye presha imeporomoka, ketamini, dawa ya usingizi, punguza, lakini rokuroniamu, ya kulegeza misuli, mpe kamili, miligramu 1.2 kwa kilo.

Sasa sehemu ninayoirudia kuliko zote. Kabla ya dawa kuingia, kiongozi aseme kwa sauti: "Nitajaribu mara tatu tu. Nikikwama, naweka barakoa ya koromeo, ile inayokaa ndani ya koo. Nayo ikishindwa na oksijeni haipiti, nakata tundu shingoni." Nilipokuwa nasomea ubingwa, niling'ang'ania jaribio la nne huku sista amesimama nyuma yangu kimya. Baadaye aliniambia aliona namba za oksijeni zinashuka, hakujua anikatize vipi. Kwa hiyo zoezini namwambia daktari akaidi makusudi, na sista amzuie: "Daktari, oksijeni 88, toa!" Hatuendelei mpaka sauti hiyo isikike mlangoni.

Mpira ukiingia, macho yote kwenye mstari wa kabonidayoksaidi, ule wa kwenye skrini unaopima hewa anayoitoa mgonjwa. Mstari ukilala bapa, hesabu kwamba mpira uko tumboni, hata kama stetoskopu inakupa moyo. Hata moyo ukiwa umesimama, mradi kifua kinakandamizwa, mstari huonekana, japo mfupi. Ukaguzi wa kitaifa wa Uingereza uliotolewa 2011 ulionyesha kwamba kutotumia kipimo hiki huenda kulichangia zaidi ya asilimia 70 ya vifo vya njia ya hewa vilivyotokea ICU.

Siku ya mwisho ni ya kisu. Mbuzi akichinjwa, koromeo hubaki upande wa kichwa, kwa hiyo mwone muuza supu ya vichwa mapema, akuwekee makoromeo na kipande cha bomba la hewa. Funika kila moja kwa ngozi, ili kidole kitafute chenyewe kile kibonde kati ya gegedu mbili. Kisu namba 10 kichomwe kwa mlalo, makali yageuzwe kuelekea miguuni, buji, kijiti chembamba cha kuongozea mpira, iteleze kando yake, mpira namba 6 upite juu ya buji. Koromeo la kwanza mkono hutetemeka. Mpe la pili, mpe la tatu. Kwangu kila mmoja hukata matano.

Wakirudi wodini, kisu, buji na mpira namba 6 vifungwe kwenye mfuko mmoja, uning'inizwe kitandani kila mpira unapowekwa, hata kwa mgonjwa anayeonekana rahisi.