Somo: Namna ya Kuwasha Triumph Bonneville ya Miaka ya 1960 Asubuhi ya Baridi

Wengi wanaonunua pikipiki za Kiingereza za zamani huishia kuzifunika turubai gerejini, na sababu aghalabu si ubovu wa chombo bali ni mwenyewe kutojua kukiwasha. Triumph Bonneville T120, iliyotolewa mwaka 1959 na kiwanda cha Meriden karibu na Coventry, ilikuwa ya kumfikisha mtu kazini Jumatatu na kumpa mbio Jumamosi usiku. Vijana waliokusanyika Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular jijini London, walitamani kufikia maili 100 kwa saa, yaani takriban kilomita 161, na hakuna aliyeitunza pikipiki yake kama sahani za kabatini. Mimi nipo upande wao: hii ni pikipiki ya kupandwa, hata kwenda sokoni.

Somo linahusu zile za kuanzia mwaka 1963, ambazo injini na giyaboksi vimo katika kasha moja, zenye kabureta mbili (vifaa vya kuchanganya petroli na hewa) za kampuni ya Amal.

Hatua ya kwanza: achanisha pleti za klachi. Swichi ikiwa imezimwa, bana klachi na upige kiki mara mbili tatu, mpaka uhisi mguu unashuka bila ukinzani. Pleti hizo zikilala usiku kucha zikiwa na oili hushikamana, na ukiiruka hatua hii, giya ya kwanza itaingia kwa kishindo na pikipiki itachupa mbele.

Hatua ya pili: fungua koki ya petroli, kisha tafuta kitufe kidogo kilicho ubavuni mwa kila kabureta. Ukikibonyeza, kinazamisha boya lililo ndani, na petroli inapanda hadi ichuruzike vidoleni. Hapo acha, na ufute kilichomwagika. Injini ikiwa bado ya moto usifanye hivi, kwani utailowesha plagi bure. (Harufu hiyo haitoki glavuni upesi, wenzako ofisini watajua umekuja na nini.)

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu hutumia nguvu pasipotakiwa nguvu. Kabla ya kuwasha swichi, kanyaga kiki polepole mpaka ikugomee: pistoni zote mbili, ambazo katika injini hii hupanda na kushuka pamoja, zimekaribia kileleni. Zivushe kidogo tu, rudisha kiki juu kabisa, washa swichi, vuta mafuta kidogo, kisha simama na ushushe uzito wako wote hadi mwisho wa kiki, goti likiwa limekunjwa kidogo. Usidonoe kiki, isindikize mpaka chini.

Hatua ya nne: ikishawaka, usiivumishe. Fungua kifuniko cha tangi la oili uchungulie. Mdomoni mwa mrija mdogo utaona oili ikirudi kwa vipindi, imechanganyika na mapovu. Dakika ikipita bila oili kuonekana, zima mara moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, pikipiki imekaa wiki kadhaa, na tangi la oili limepungua sana ilhali sakafu ni kavu. Je, niongeze?

Jibu: Usiongeze, ndugu yangu. Oili imepenya kwenye vali za pampu ikajikusanya chini ya injini. Ukijaza tangi sasa, pampu itakaporudisha ile ya chini, itafurika nje. Ikiwa imekaa muda mrefu, fungua nati iliyo chini ya injini uimwage, ndipo ujaze. Kwa kawaida kipimo sahihi ni kile cha baada ya injini kuzunguka.

Swali: Nimezoea giya mguu wa kushoto, na hii iko kulia. Nitazoea?

Jibu: Utazoea kubadili giya haraka kuliko unavyodhani. Hatari iko kwenye breki ya nyuma, ambayo hapa ni ya mguu wa kushoto: ukishtuka ghafla, mguu wa kulia utakanyaga giya kwa mazoea ya zamani. Jizoeze kusimama kwa dharura katika uwanja mtupu kabla ya kuingia barabarani.

Swali: Nina BSA Gold Star, pikipiki nyingine ya Kiingereza ya zamani, na kiki inanirudishia mguu kwa nguvu. Tatizo ni nini, mzee?

Jibu: Hiyo ina silinda moja kubwa, na cheche yake hurekebishwa kwa mkono. Sogeza kile kishikio kidogo kilicho kwenye usukani ili cheche ichelewe kabla ya kupiga kiki, kisha ukirudishe injini ikishatulia. Vaa buti.

Swali: Je, naweza kufunga chaji ya simu ili nitumie ramani?

Jibu: Unaweza, lakini kumbuka kwamba katika pikipiki hizi ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye fremu. Chaji nyingi zina kasha lililounganishwa na ncha hasi. Kasha hilo likigusa fremu, utapata shoti. Litenge kabisa na chuma, na weka fyuzi.

Swali: Dada yenu niko Leicester. Petroli ya kawaida ya siku hizi inafaa?

Jibu: Tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida huko Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo huvuta unyevu na kula mipira ya zamani. Nunua ile ghali zaidi, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, dada, na ubadilishe mipira ya petroli ukiona imeanza kulainika. Kama utaiacha wakati wote wa baridi, mwaga petroli iliyo ndani ya kabureta kwanza.