Somo: Jinsi ya kusoma spektra ya Orion KL, hatua kwa hatua

Habari zenu wadau. Leo tunasoma spektra (mchoro unaoonyesha nguvu ya mawimbi kwenye kila masafa) ya Orion KL, ile sehemu ya nebula ya Orion, wingu kubwa la gesi na vumbi, ambako nyota zinazaliwa, kama miaka nuru 1,350 toka hapa. Data ni ya darubini ya Herschel ya ESA, shirika la anga za juu la Ulaya, ilirushwa Mei 2009 ikakaa kilomita milioni 1.5 toka duniani. Ukiifungua mara ya kwanza unakuta msitu wa mistari, yaani vilele vyembamba, usikate tamaa, una mpangilio.

Hatua ya 1. Shusha data kwenye hifadhi ya Herschel, ni bure kwa yeyote. Chukua za HIFI, kifaa cha Herschel kinachopima masafa kwa undani, ziko kwenye faili za FITS (aina ya faili za wanaanga), lugha ya Python na maktaba yake ya astropy zinatosha kuzifungua. Mlalo weka masafa kwa gigahezi, wima ni nguvu ya mawimbi.

Hatua ya 2. Anza na kaboni monoksaidi, tafadhali usianze kwingine. Hii molekuli inazunguka kama pia, ila haizunguki kwa kasi yoyote inayotaka, ina ngazi zake, na kila ikishuka ngazi moja inatoa wimbi la masafa maalum. Tafuta 576, halafu 691, 807, 922, 1037, 1152. Umeona? Kila baada ya kama 115 kuna mstari mrefu. Ngazi za juu zinahitaji gesi ya moto zaidi, kwa hiyo ukilinganisha nguvu ya mistari hii unapata joto la gesi ukiwa umekaa mezani kwako, na mimi hapo ndipo nilipoipenda hii kazi.

Hatua ya 3. Sasa vuta karibu mstari wa kwanza. Maabara wanasema 576.268, lakini kwenye faili (hakikisha mwendo wa dunia na wa jua umeshaondolewa) kilele kiko kama megahezi 17 chini, yaani gigahezi 0.017. Gawanya 0.017 kwa 576.268, zidisha kwa kasi ya mwanga, unapata kama kilomita 9 kwa sekunde, huo ndo mwendo wa wingu lenyewe, masafa yameshuka kwa sababu linaenda mbali nasi. Halafu angalia miguuni mwa kilele, mstari umetanuka pande zote mbili kama mbawa. Hiyo ni gesi inayotupwa nje kwa nguvu toka kwa nyota changa, nyingine inakuja kwetu, nyingine inaenda mbali. Watu wengi wanazikata hizo mbawa wakidhani ni uchafu wa data, inaniuma sana.

Hatua ya 4. Ndo utafute wengine. Maji yako 557. Methanoli imejaa kila kona, salfa dioksaidi nayo. Sheria yangu ni moja: mstari mmoja sio ushahidi, leta na ndugu zake, yaani mistari mingine ya molekuli hiyo hiyo, wote wawe na mwendo unaoelewana. Oksijeni, hii tunayovuta, ilitangazwa Orion mwaka 2011 baada ya mistari mitatu kuonekana, 487, 774 na 1121. Mmoja tu usingetosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, kwa nini wasiweke darubini juu ya Kilimanjaro, gharama ingepungua?
Jibu: Mvuke wa maji hewani unameza haya mawimbi. Hata ALMA, kundi la darubini za redio kule Chile, iko mita 5,000 na inapata baadhi ya masafa tu, ule mstari wa maji wa 557 haupiti. Ndo maana wa SOFIA, darubini iliyobebwa na ndege, walipanda na Boeing 747 zaidi ya kilomita 12 juu.

Swali: Nasikia Herschel ilizimwa, sasa data inatoka wapi?
Jibu: Heliamu ya kupozea vifaa iliisha Aprili 2013, bila baridi ile vifaa havioni kitu. Lakini ilichokusanya kimehifadhiwa chote, na mistari mingine mpaka leo haijapata jina, kwa hiyo kazi ipo.

Swali: Mwalimu mimi sina laptop, naweza kuiona kwa macho?
Jibu: Nebula yenyewe ndiyo, unaweza kuiona, dada yangu. Januari au Februari usiku toka nje, kwa sisi wa Dar au Mombasa Orion inapita karibu na utosini kabisa. Tafuta nyota tatu zilizopanga mstari, pembeni yake kuna doa kama moshi. KL hutaiona, iko nyuma yake kidogo ndani ya vumbi zito, na mawimbi tuliyoyasoma leo ndiyo yanayopenya lile vumbi.